Swali la Thelathini na Moja

Mhariri alituma maswali thelathini. Wasila Benzerga alijibu thelathini na moja.

Hakulijua hilo mpaka siku ya tatu, mhariri mwenyewe, Redwan, alipompigia simu kutoka mji mkuu. Ilikuwa asubuhi, na Wasila alikuwa jikoni kwake, katika mji wa Constantine, akichemsha kahawa. Alikuwa amekwisha kudondoshea ndani matone mawili ya maji ya maua ya mchungwa, kama alivyozoea.

"Dada Wasila, majibu yako matamu, wasomaji watayapenda," Redwan alisema. "Ila kuna hili la mlango. Hili kauliza nani?"

"Mlango gani?"

"Hapa umejibu, 'Mlango umefungwa kwa sababu mwandishi naye huchoka.' Mimi sikukutumia swali la mlango. Tena kitabu nimekipitia upya, hakuna mlango popote."

Wasila alicheka kidogo, akasema labda binti wa kaka yake amechanganya mambo, alifute tu. Alipoiweka simu hakucheka tena. Kahawa ilifurika ikamwagika jikoni, naye akaiangalia tu.

Kitabu cha tano na cha mwisho cha joka Azrum kilikuwa kimetoka mwezi mmoja uliopita. Kwa miaka kumi na miwili wasomaji, wakubwa kwa wadogo, walimfuata joka huyo aliyeishi chini ya korongo la mji wa madaraja, na katika kurasa za mwisho Wasila akamuua. Watu wa mji waliiziba chemchemi yake kwa chumvi na risasi iliyoyeyushwa, akanyauka gizani mpaka akabaki kama gamba la nyoka. Wasomaji waliwaka kwa hasira. Wengine waliandika kwa machozi, wengine kwa matusi, na wachapishaji wakaona heri mwandishi ayajibu maswali yao mwenyewe, yatangazwe, watu watulie.

Aliyekuwa akimsomea maswali ni Ilham, binti wa kaka yake, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyekaa naye mwaka wa tatu sasa. Msichana wa maneno mengi. Siku ya kujibu walikaa ukumbini baada ya chakula cha mchana, Ilham na simu mkononi, akisoma na kuandika majibu.

"Wanakuita muuaji, shangazi," alisema. "Huyu mmoja anataka tukufanyie matanga."

Wakacheka, wakaendelea. Kisha, baada ya swali la kumi na moja, Ilham akasoma: "Msomaji hakutaja jina. Anauliza, kwa nini umesema mlango umefungwa, na wewe unajua uliuacha wazi?"

Wasila alijibu kwa mzaha, bila kufikiri, kwa kuwa joto lilikuwa limemlegeza na usingizi ulikuwa unamnyemelea. Lakini sasa, kahawa ikinuka kuungua mbele yake, alikumbuka. Mlango ulikuwepo. Ulikuwepo, njia ya Azrum kuponyoka, katika rasimu ya kwanza, aliyoiandika kwa mkono na kuichoma mwenyewe kwenye beseni kabla mtu yeyote hajaiona.

Alimwita Ilham, wakaifungua pamoja ile barua pepe ya maswali. La kumi na moja lilihusu mabawa. La kumi na mbili lilihusu ramani. Katikati hapakuwa na kitu.

"Mimi nilisoma kilichoandikwa," Ilham alisema. Alipitisha kidole kwenye kioo cha simu, chini, juu, chini tena. "Kilikuwa hapa. Wallahi, shangazi, kilikuwa hapa."

Juma lililofuata Redwan aliomba jambo jingine. Wasomaji walitaka kuisikia sauti ya mwandishi, kwa hiyo safari hii majibu yarekodiwe. Wasila alitaka kukataa akakosa sababu ya kusema. Wakakaa tena palepale, saa saba mchana, madirisha yamefungwa jua lisiingie, simu ya Wasila mezani inarekodi, na Ilham amechapisha maswali kwenye karatasi ili pasiwe na ubishi.

Yalikwenda vizuri mpaka la saba. Ilham aliuliza, Wasila akajibu, Ilham akauliza. Halafu Ilham akainua uso kutoka kwenye karatasi, akamtazama shangazi yake, akauliza bila kusoma, kwa sauti yake ileile ya kila siku:

"Bibi yako alipokuzamisha, ulifumbua macho. Uliona nini?"

Wasila alihisi harufu kabla hajahisi woga. Harufu ya yai viza na chuma kibichi, yenye joto, kana kwamba kuna mtu amepumua karibu na uso wake.

"Umesema nini?"

"Nimeuliza Azrum alikuwa na umri gani." Ilham akashusha macho kwenye karatasi. "La saba. Mbona umebadilika rangi?"

Wasila aliichukua simu, akarudisha nyuma, wakasikiliza vichwa vimegusana. Maswali sita yalisikika vizuri, na majibu yake sita. Kisha pale ambapo sauti ya Ilham ingepaswa kuwa, hapakuwa na sauti ya Ilham. Palikuwa na maji, maji yanayotembea polepole mahali penye mwangwi, na ndani ya maji kitu kizito kinajiburuta juu ya mawe, kinasimama, kinajiburuta tena, kinakaribia, halafu, karibu kabisa na simu, mtu akavuta pumzi kama avutavyo mtu anayetaka kusema.

Ilham aliizima. "Mtambo umeharibika," alinong'ona.

"Ndiyo," Wasila naye akanong'ona. "Umeharibika."

Hakumwambia kitu. Angeanzia wapi? Angemwambia kwamba alipokuwa na miaka minane alishikwa na homa iliyowashinda madaktari, na bibi yake, Hajja Turkiya, akambeba mgongoni mpaka chini ya korongo, kwenye chemchemi ya maji moto ambako wanawake wa zamani walikuwa wakipeleka kuku weusi na hina na mishumaa? Kwamba bibi alimzamisha mara tatu, na mara ya tatu mtoto akafumbua macho, akaona sakafu ya kidimbwi inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, kama ubavu wa mnyama aliyelala?

Homa ilikwisha siku ileile. Na tangu siku hiyo, kila mchana watu wanapojinyoosha kupumzika, Wasila alikuwa akisikia anasimuliwa. Sauti ilikuja taratibu, kavu, yenye subira. Alipokuwa mkubwa akaanza kuyaandika yale aliyosikia, na vitabu vinne vilitoka hivyo, jina lake likiwa juu ya jalada, watu wakisifu akili yake. Hakumwambia mumewe, Lakhdar, hakumwambia yeyote. Lakini Lakhdar alipofariki, sauti haikungoja tena mchana. Ilimsimulia njiani, ilimsimulia kwenye swala, ilimsimulia mazishini. Ndipo alipoanza kuacha redio wazi kwenye kisomo cha Kurani saa zote, chumba hadi chumba, mwaka mzima, mpaka kukawa kimya. Kitabu cha tano alikiandika mwenyewe ndani ya kimya hicho. Aliandika kifo cha Azrum kama mtu anayepigilia misumari, mmoja baada ya mwingine, asije mtu akamwomba cha sita.

Alhamisi Ilham hakula mkate. Alisema una chumvi. Ijumaa hakula kuskusi, naye huwa anapigania sahani ya pili. Alikuwa mwekundu mashavuni na ngozi yake ilichoma ukiigusa, lakini alisema hajambo, ana usingizi tu. Wasila alifungua redio zote tatu. Ilham akazizima, moja moja, bila ugomvi.

"Kichwa kinauma, shangazi. Acha nisikie."

"Usikie nini?"

Ilham alitabasamu, akaingia chumbani.

Jumamosi maji ya bomba yalikatwa mji mzima tangu alfajiri. Wasila alitoka kutafuta dawa ya homa na chupa za maji, akachelewa foleni, akapanda ngazi za nyumba yake jua likiwa utosini na hakuna mtu njiani. Alipofungua mlango alikuta sakafu ya ukumbi imelowa. Alidhani bomba limerudi. Alikwenda jikoni akalifungua, likakohoa upepo mtupu, naye akabaki ameshika bomba kavu mkononi huku maji ya vuguvugu yakimpita miguuni, yakitoka upande wa bafu, na juu ya sauti ya maji yale akasikia Ilham anaongea.

Alikuwa anasimulia. Alisimulia bila kupumzika na bila kupandisha sauti, habari za mji na korongo na wale walioiziba chemchemi, jinsi walivyolala usiku ule wakidhani wamemaliza, na jinsi kilichokuwa chini kilivyopanda ndani ya mabomba yao, ndani ya kuta zao, ndani ya birika zao za chai, kikimtafuta mmoja wao tu, mwanamke aliyewafundisha namna ya kuua, na Wasila akatembea kwenye maji yale akiwa hataki kutembea, akausukuma mlango wa bafu akiwa hataki kuusukuma, akamwona msichana ameketi ndani ya hodhi na nguo zake zote, maji yamemfika shingoni, mvuke unapanda, harufu ya yai viza inakaba koo, macho yake yako wazi hayapepesi, na maji yaliyomzunguka yalikuwa yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka, ingawa yeye mwenyewe alikuwa ametulia kama jiwe.

"Ilham. Mwanangu. Toka humo."

Ilham alinyamaza. Aligeuza kichwa polepole. "Huyu anasikia vizuri kuliko wewe," alisema. "Tena bado mdogo. Atanitosha miaka mingi."

Wasila alimshika kwapani akamvuta. Hajui alipata wapi nguvu. Alimburuta mpaka ukumbini, akamfunika blanketi, na alipoangalia nyuma hodhi lilikuwa kavu, na uchafu wa manjano umeganda kuta zake zote.

Kulikuwa na mtu mmoja tu wa kumwendea. Alimwomba jirani wa chini, mke wa fundi cherehani, akae na Ilham na asiizime redio kwa hali yoyote, kisha akateremka mpaka sehemu ya zamani ya mji, kwenye nyumba ya wale watu ambao babu zao waliletwa kutoka kusini pamoja na ngoma zao na ubani wao. Lalla Barkahum, mganga wao, alikuwa ukumbini anamenya maharage, televisheni imewashwa bila sauti. Alimsikiliza mpaka mwisho, mikono haikusimama.

"Bibi yako namkumbuka," alisema. "Mwanamke mgumu. Alimpa nini yule wa chemchemini?"

"Kuku mweusi. Na hina."

"Kuku ni salamu tu, mwanangu. Nauliza alimpa nini."

Wasila alitazama sakafu. Alilijua jibu, alilijua miaka arobaini na minne. "Alisema, 'Mponye huyu, na kinywa chake kitakuwa chako.' Nilimsikia. Nikadhani ni maneno ya wazee tu."

Lalla Barkahum aliweka ganda la harage pembeni. "Ukala naye miaka yote hiyo, halafu ukamfunga mdomo. Haitoshi. Ukatangazia watu kwamba kafa."

"Mtoe, nakuomba. Ufanye unavyojua, umtoe."

"Angekuwa kajiingiza mwenyewe ningemtoa leo kabla ya alasiri. Huyu kaahidiwa. Nikimvuta kwa nguvu atatoka na ulimi wa binti yako." Alijifuta mikono kwenye kitambaa cha kiunoni. "Kuhama anaweza. Anarudi pale alipoahidiwa, kama mwenye kinywa atamwita. Lakini atakuuliza kwanza. Umempa majibu ya uongo mbele ya watu, sasa anataka yake. Usimdanganye hata kidogo, unanisikia? Hata kwa huruma."

"Na nikimwita? Mimi nitakuwaje?"

Mwanamke yule alirudia kumenya maharage yake. "Wewe umekwisha kuishi naye. Unajua kuliko mimi."

Kesho yake, kabla ya adhuhuri, waliteremka korongoni, Lalla Barkahum mbele na chetezo cha ubani na kuku mweusi kwapani, Wasila nyuma akimshikilia Ilham, ambaye alitembea kwa wepesi kama anayekwenda kwao. Juu kabisa, madogo kama sisimizi, magari yalipita darajani. Chini hapakuwa na ndege wala upepo. Kidimbwi kilikuwa kilekile, kidogo kuliko alivyokikumbuka, na maji yake meusi yalifuka mvuke juani.

Lalla Barkahum alikizunguka mara saba, akamchinja kuku, akasogea kando na kugeuzia uso ukuta wa korongo. Ilham aliingia mpaka kiunoni. Wasila akaingia naye, akamshika mikono yote miwili.

Ilikuwa saa sita kamili vilipokoma vivuli. Ilham akafumbua kinywa, na sauti iliyotoka sasa haikuwa imejificha ndani ya sauti yake. Ilikuwa ile kavu, yenye subira.

"Nani alisimulia?"

"Wewe," Wasila alisema.

"Nani alitia jina?"

"Mimi."

"Kwa nini uliniua?"

Alitaka kusema kwa sababu nilikuogopa. Ulimi ulikuwa tayari. Akakumbuka aliloambiwa, akatafuta ndani yake, akakuta kitu kingine, kibaya zaidi. "Nilitaka nione kama naweza kuandika bila wewe."

Maji yalipanda mpaka kifuani, yakashuka.

"Uliweza?"

"Hapana," alisema, na machozi yakamtoka. "Kitabu kibaya. Wote wameona."

"Nimekufa?"

"Hujafa."

"Mlango?"

"Uko wazi. Niliuacha wazi, nikachoma karatasi."

Mikono ya Ilham ilikuwa inamchoma kama sufuria, na Wasila alimwona msichana mwenyewe, mbali sana nyuma ya macho yale, anamwangalia shangazi yake kama mtu aliye upande wa pili wa dirisha la treni.

"Basi niite," sauti ilisema.

Alimwita. Alisema maneno ya bibi yake, yaleyale, ila mahali pa "kinywa chake" akaweka "kinywa changu". Ilham alitapika maji ya moto, mengi mno kutoka kwenye mwili mdogo vile, akamwangukia begani akilia na kuuliza wako wapi, mbona amelowa. Wasila alimkumbatia. Kooni mwa Wasila mwenyewe, chini kidogo ya ulimi, kitu kilikuwa kimejizungusha mara moja, mara mbili, kikatulia.

Ilham alirudi kwa wazazi wake, mjini Guelma. Alikula, alilala, alirudia kuongea sana. Kila jioni alipiga simu.

"Hujambo, shangazi? Kweli hujambo?"

"Sijambo, mwanangu. Soma vitabu vyako. Vya chuo."

Na kwa siku kumi na tisa alikuwa hajambo kweli. Mchana ulikuja ukapita kimya. Alianza kudhani kwamba kile kitu kilitaka kukiri tu, na kwamba sasa kimelala.

Siku ya ishirini ilikuwa ahadi ya kukutana na wasomaji kwenye duka la vitabu, aliyoiwekewa na Redwan zamani na ambayo hakupata namna ya kuivunja. Viti arobaini vilijaa, watu wakasimama mpaka kwenye ngazi. Redwan mwenyewe alikuwa amekuja, amevaa suti, anafuta miwani. Wasila alikuwa amejiandalia maneno. Atasema Azrum amekufa, kitabu kimekwisha, anaomba radhi kwa waliohuzunika, anastaafu. Alikuwa ameyasema mbele ya kioo asubuhi, na kinywa chake kilimtii.

Wa kwanza kuinuka alikuwa mwanamke aliyevaa koti jeupe la uuguzi, dhahiri ametoka kazini moja kwa moja.

"Mama, sina swali kubwa," alisema, na sauti ilimtetemeka. "Mama yangu nilimsomea vitabu vinne akiwa kitandani. Alifariki kabla ya cha tano. Nataka kujua tu, kweli Azrum amekufa?"

Wasila alimtazama kwa upole. Alivuta pumzi aseme ndiyo. Pumzi ilikuwa ndefu kuliko aliyotaka kuvuta, ikaendelea kuingia, na ilipotoka, ilitoka imebeba harufu, na watu wa mstari wa mbele wakaangaliana, mmoja akagusa pua.

"Hajafa," kinywa chake kilisema, taratibu, kwa sauti kavu.

Ukumbi ukapumua kwa pamoja. Mtu akapiga makofi. Redwan aliacha kufuta miwani, akainua uso unaong'aa kwa furaha.

Wasila alijaribu kuuma ulimi. Meno hayakukutana.

"Kuna mengine mengi," kinywa kiliendelea. "Naweza kuwasimulia hata sasa. Lakini mimi ni mzee, na msimulizi huyu amechoka, hatanifaa muda mrefu. Nataka niahidiwe kwanza. Nani kati yenu anaahidi kunisikiliza mpaka mwisho?"

Walicheka, wakidhani ni namna yake ya kuwachangamsha. Wasila aliinua mkono kuwazuia, akautikisa, akatikisa na kichwa, macho yamemtoka, na wao wakaona mwandishi ameinua mkono kuwaonyesha mfano, nao wakainua ya kwao, mstari kwa mstari, mpaka wale wa kwenye ngazi. Yule muuguzi aliinua yote miwili.